Mama Gemu na Mashine ya Kesho

Mtaani kwetu Chaani mwanamke huitwa kwa mtoto wake au kwa biashara yake. Tulikuwa na Mama Samaki, tulikuwa na Mama Makaa, na tulikuwa na Mama Mikoba ambaye mikoba yenyewe alishaacha kuiuza zamani. Na tulikuwa na Mama Gemu. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, likitajwa kanisani kwenye matangazo, na nusu ya waumini wakageuka kutazamana kuulizana ni nani huyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mbele, anajipepea, wala hakugeuka.

Alikuwa na chumba cha mabati ubavuni mwa nyumba yake, mkabala na mfereji wa maji wa mtaa. Ndani mlikuwa na benchi mbili, runinga kubwa yenye mgongo, na juu ya stuli, juu ya kitambaa cha kufuma, mashine ya gemu. Ilikuwa nyeupe na mfuniko wake ulifunguka juu kama wa sufuria. Ikiwashwa ilinguruma kama paka aliyeshiba. Hapakuwa na nyingine kama hiyo Chaani, wala Mikindani, wala popote tulipopajua, na sababu ni kwamba ilikuwa imeshindwa. Ilishindwa dunia nzima.

Marehemu mumewe alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini. Alizinunua mashine tatu kutoka kwenye mzigo ambao mwenyewe hakutokea, akazileta nyumbani kwa teksi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yao. Alimwambia mkewe kwamba hiyo ndiyo mashine ya kesho. Boksi la pili lilikuwa halijafunguliwa habari zilipofika kuwa waliozitengeneza wameacha kuzitengeneza, kwa kuwa watu huko kwao walitaka ile ya kampuni nyingine. Kesho ilikuwa imeghairi.

Mama Gemu aliyasimulia hayo bila kinyongo. Mumewe, alisema, hakununua kitu kibaya. Alinunua kitu kizuri ambacho watu hawakukitaka, na hayo ni mambo mawili.

Basi kwa kuwa CD mpya hazikuja tena, tulibaki na zile zile: mpira, ngumi, magari, na uvuvi. Mabanda mengine yalikuwa yakipata timu mpya kila mwaka. Kwake wachezaji walikuwa wale wale, na kadiri miaka ilivyokwenda walistaafu mmoja mmoja huko nje, wengine wakaota vitambi, lakini kwa Mama Gemu walikuwa bado wanakimbia. Vijana waliojifunza kwake walikwenda kujaribu mabanda ya Changamwe wakaaibika vibaya. Vitufe vya pedi kule vilikaa kwingine. Ukitaka kupiga goli, mchezaji wako anajiangusha. Mdogo wangu Charo alirudi kutoka huko amenuna siku nzima, akasema ni kama kusalimia watu kwa mkono wa kushoto.

Nasema mdogo wangu. Nilikuwa nao wawili, Charo na Kadzo. Mama alitutoka kwanza, baba akafuata kabla mwaka haujageuka. Nikaacha shule kidato cha pili, nikaingia kibarua kwenye godauni la chai, kubeba magunia. Charo alikuwa darasa la tano, Kadzo la pili. Shule ikitoka mchana na mimi nikiwa kazini, palikuwa na nusu siku ambayo hawakuwa na mtu. Sikumwomba Mama Gemu awaangalie. Siku moja tu nilirudi nikawakuta wameketi kwenye benchi yake, madaftari magotini, wanamalizia hesabu ili waruhusiwe kucheza. Kesho yake pia. Nilipotaka kumshukuru aliniuliza kama nimeleta chumvi, maana yake imeisha.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuandikwa popote. Kwanza, hodi na shikamoo. Usipompa shikamoo yake hakukufukuza, hakukusikia tu. Walikuwepo vijana wa wafanyakazi waliotoka bara, wamekuja na Sheng yao, na mmoja aliingia akasema, "Mathe, form ni gani? Nipe pad." Mama Gemu akaendelea kumenya viazi. Kijana akarudia, akarudia, mwisho akamgeukia Charo kuuliza kama huyu mama haskii. Charo akamnong'oneza. Kijana akatoka nje, akapiga hodi upya, akaamkia kama mtoto wa Mvita.

"Marahaba, mwanangu," Mama Gemu akamjibu kwa furaha, kama aliyemwona sasa hivi. "Karibu. Umefika saa ngapi?"

Pili, akikuita unaitika. Wasichana abee, wavulana naam. Aliyejibu "nini?" alipoteza zamu yake hata kama alikuwa anaongoza mabao matatu.

Tatu, na hii ndiyo iliyompa sifa, aliyeshindwa anateka maji. Mfereji ulikuwa pale pale mbele, lakini foleni yake mwaijua foleni ya maji Chaani: unapanga mtungi, unapanga na subira. Kila mchezo ukiisha, aliyeshindwa alibebeshwa mtungi wa manjano na kwenda kupanga. Kwa hiyo nyumba ya Mama Gemu haikukauka maji hata wiki zile mtaa mzima ulipokuwa ukinunua kwenye mikokoteni. Watu walisema mama yule ana mitambo miwili, wa gemu na wa maji, na kwamba wa maji ndio uliolipa. Yeye alisema kushindwa si aibu, aibu ni kushindwa halafu ukakaa.

Lakini nilichokipenda zaidi ni habari ya tarehe.

Mle ndani ya mashine mna betri ndogo ya kuweka saa. Ya mashine yetu ilikufa, na hakuna fundi aliyekuwa na namna ya kuibadilisha. Kwa hiyo kila ikiwashwa, mashine ilikuwa haijui ni lini. Kabla ya jambo lolote ilitoa maandishi kwenye runinga kuuliza leo ni tarehe ngapi, mwezi gani, mwaka gani, na haikukubali kwenda mbele mpaka ijibiwe. Mwenye banda mwingine angeona kero. Mama Gemu aliigeuza zawadi: mtoto wa kwanza kumaliza kazi ya shule ndiye anayeiambia mashine siku.

Na watoto waliidanganya bila haya. Kadzo alipenda Krismasi. Kulikuwa na watoto wa jirani yetu Mwislamu ambao kila wakishinda waliweka Idi, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe kama mwezi umeandama au bado. Charo aliweka siku yake ya kuzaliwa, kila mara, na kila mara Mama Gemu alimpa kiazi kimoja cha ziada kutoka kwenye karai kwa heshima ya siku hiyo. Kwa hesabu ya mashine ile ndugu yangu ametimiza miaka mingi kuliko mzee yeyote wa Pwani.

Viazi navyo ni habari. Mchana aliuza viazi karai, na kwa viazi alikuwa bahili. Alikata vidogo, akivitumbukiza kwenye unga wa dengu vinavimba, ukadhani umepata. Ukilalamika alikuambia uhesabu ladha. Lakini huyo huyo bahili alikuwa akimpepea mtoto mwenye homa kutwa nzima. Kipepeo alikuwa nacho kimoja tu: alipepea jiko, akampepea mgonjwa, kisha, mashine ikishika moto katikati ya mechi, akaipepea na yenyewe, na asifikirie kwamba amebadilisha kazi. Ikikwama aliipiga kofi moja ubavuni, si la hasira, la adabu. Mara nyingi ilisikia.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alifungua banda la gemu na kutwa aliwaambia watoto gemu zinapoteza wakati. Alichukia uongo, na alasiri akitaka kulala alitangaza kuwa mashine imechoka. Aliishi Mombasa umri wake wote, mumewe alikula mkate wa bandari, na yeye hajawahi kukubali kupanda feri ya Likoni. Alisema ng'ambo ana watu wake, na wakimtaka wanajua alipo.

Na alikuwa hachezi. Sikuwahi kumwona ameshika pedi. Alisema ni vitu vya watoto.

Kwangu mimi hakuwa anasema hivyo. Jioni nikija kuwachukua wadogo zangu, chai imenijaa nywele na mabega yananiuma, alininyooshea pedi. "Kaa kidogo," alisema. Na mimi nilijibu kila siku jibu moja, kwamba nina dagaa jikoni. Haikuwa kweli kila siku. Siku nyingine hapakuwa na dagaa wala jiko halijawashwa. Lakini nilikuwa na hofu moja, kwamba nikiketi kwenye benchi ile na watoto sitaweza kuinuka tena, na nani atapika? Akaichukua pedi akaifuta kwa leso. "Iko siku," alisema.

Sasa niwaeleze alipokuja baba mkubwa.

Baba mkubwa ndiye kaka wa baba yetu, wa Kaloleni. Kwa desturi zetu yeye ndiye mwenye neno juu ya watoto wa nduguye. Kwenye matanga alisema tungojee, na sasa alituma neno kwamba kungojea kumekwisha. Charo ataenda naye Kaloleni, asome huko na aangalie mbuzi. Kadzo ataenda kwa shangazi Malindi. Mimi nilikuwa kijana, nitafute maisha yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nafasi, alikuwa na mbuzi, na alikuwa na haki. Nilichokuwa nacho mimi ni chumba kimoja na ahadi niliyompa baba hospitalini kwamba hatutatawanyika. Sikuwa na neno la kumshinda nalo mkubwa wangu. Usiku wa kuamkia siku ya kuja kwake nilifua nguo za watoto zote nikazikunja.

Alikuja Jumamosi amevaa suti ya kijivu, ile ya kusomea masomo kanisani. Watoto walikuwa kwa Mama Gemu, nami sikuwa na kiti cha kumkalisha, tukaenda huko. Mama Gemu akamwamkia vizuri, akamkaribisha kwenye benchi, akamletea viazi, vile vikubwa, ambavyo sikujua kama vipo. Baba mkubwa akaeleza alilojia. Watoto wakasikia. Charo akatazama ukuta. Kadzo alikuwa katikati ya gemu ya uvuvi, ameshika ufito wa plastiki wa kuchezea gemu hiyo, wenye gurudumu la kukunjia mshipi, na mwenzake alikuwa ameondoka akauacha wake.

Mama Gemu akasema hana la kuongeza, neno ni la mwenye watoto. Ila mchezo ulioanzwa kwake humalizwa. Je, baba angemshikia mtoto upande wa pili, wamalize, ndipo waende?

Baba mkubwa akacheka. Alituambia kwamba yeye alivua kwenye mkono wa bahari wa Jomvu kabla hata mimi sijafikiriwa. Akavua koti, akashika ufito, akatuamuru wote tunyamaze tusiwatishe samaki.

Tukanyamaza. Akatupa mshipi, akatulia. Akangoja kama mvuvi wa kweli, mgongo umenyooka, jicho kwenye maji, wala hakugusa gurudumu. Samaki wa runinga wakapita, wakaugusa mshipi, wakaenda zao. Kumbe gemu ile haitaki subira hata kidogo. Inataka ukunje, utikise, ukunje. Kando yake Kadzo alikuwa anakunja kama anayesaga mahindi, anatoa samaki baada ya samaki. Baba mkubwa alimnong'oneza kwa huruma kwamba anafanya kelele, hatapata kitu. Muda ukaisha. Yeye alikuwa hana hata kamba mmoja.

Akataka mara ya pili. Akatunyamazisha zaidi, mpaka kuku wa nje wakafukuzwa. Akakosa tena.

Mama Gemu akaleta mtungi wa manjano, akauweka mbele ya viatu vyake vilivyopigwa rangi. Nami nikaruka kuuchukua, maana ni aibu gani hii, mkubwa wa ukoo. Akanishika mkono wa shati.

"Wewe umeshindwa?" akaniuliza. "Kaa."

Kisha akamgeukia. "Samahani, baba. Ni sheria ya hapa, haina mgeni."

Baba mkubwa alimtazama, akautazama mtungi, akawatazama watoto, ambao wote walikuwa wanamngojea kwa heshima kabisa, kama wanavyongoja mtu kutimiza jambo la kawaida. Akauchukua. Akavaa koti lake, akaenda kupanga foleni na suti yake.

Alikaa huko muda mrefu. Tulimwona na kumsikia kutoka mlangoni, kijivu katikati ya leso. Wanawake hawakumjua. Walimuuliza ni mgeni wa nani, akasema katoka kwa Mama Gemu, kashindwa na kitoto kinaitwa Kadzo, na foleni nzima ikacheka. Halafu, kama watu wa foleni walivyo, wakaanza kumpa habari za Kadzo. Kwamba ana kaka yake, kijana wa magunia, ndiye anayemsuka. Kwamba anasuka upogo, mistari inakwenda kama njia za panya, na mtoto anakataza asiambiwe. Kwamba kila asubuhi kabla ya shule msichana anapita pale mferejini, na yeyote aliye nyuma ya foleni anamfumua na kumsuka tena upesi, ili kaka mtu asijue. Mmoja alimwonyesha kitana alichokuja nacho kwa kazi hiyo.

Mimi sikuwa najua. Mwaka mzima nilidhani nimekuwa fundi.

Baba mkubwa alirudi mabega yamelowa. Akautua mtungi, akaketi, akafuta uso. Hakuwa tena na sauti ya kusomea masomo.

"Nilikuja nikijua watoto wanalelewa na mtoto," alisema. "Kumbe wanalelewa na foleni nzima." Akavua koti lililolowa. "Wabaki mpaka shule zifungwe. Halafu tutaona."

Shule zikafungwa, zikafunguliwa, na hakuna aliyeona. Alianza kututumia mihogo. Kila akija mjini alipita kwanza kwa Mama Gemu kujaribu uvuvi, na kila akija alirudi mferejini. Hakuacha kungoja samaki. Alisema ndivyo wanavyovuliwa.

Baadaye nilimuuliza Mama Gemu kama alikuwa amepanga. Alinitazama kama niliyeuliza kitu cha ajabu.

"Nilikuwa sina maji," alisema.

Banda halikufungwa siku moja, lilipungua. Mashine mbili zilikufa na zikatolewa viungo kuiponya ya tatu. Simu zikaja, kila kijana akawa na gemu yake mfukoni. Mwisho walikuwa wanakuja watu wazima tu, wameoa, wanapiga hodi, wanatoa shikamoo, wanacheza na wale wachezaji wastaafu, na aliyeshindwa anakwenda na mtungi huku mkewe akimtazama. Miguu ilipoanza kumvimba, binti yake alimchukua akakae naye Kiembeni.

Mwezi uliopita nilikwenda huko. Kadzo anaolewa. Kwenye harusi yetu kuna kiti cha mama wa bibi harusi, pale mbele, na Kadzo alisema kiti kile hakitakaa wazi wala hakitakaliwa na mtu mwingine. Akanituma mimi, maana mkubwa ndiye hutumwa. Nilivaa shati lililopigwa pasi, nikabeba sukari na leso.

Nyumba ni nzuri, ya sakafu ya vigae. Yeye alikuwa sebuleni, miguu juu ya mto, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Na pembeni ya ile runinga bapa ya binti yake ilikuwepo runinga yenye mgongo, na stuli, na kitambaa cha kufuma. Nilitoa shikamoo, nikaeleza nilichotumwa. Niliyapanga maneno njiani kote, yakanitoka nusu. Mama Gemu alinyoosha kidole kwenye mashine.

"Washa."

Nikawasha. Ikanguruma. Yakaja yale maandishi, ikauliza leo ni lini. Mama Gemu akanipa pedi. Nikafungua mdomo kutoa jibu langu la kila siku, na kabla sijasema akatikisa kichwa. Nikaketi sakafuni.

Nilifikiria Krismasi. Nilifikiria siku ya kuzaliwa kwangu, ambayo kwa miaka mingi sikuikumbuka mpaka ipite. Mwisho niliweka tarehe ya kweli ya siku ile ile, mwezi ule ule, mwaka ule ule.

Alicheka mpaka binti yake akatoka jikoni. "Miaka yote hii," alisema akifuta macho, "wewe ndiye wa kwanza."

Tukacheza uvuvi. Alichukua ufito wa plastiki mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha chai, akakunja, akatikisa, akakunja, na samaki wakatoka kama waliomwahidi. Sikuwahi kuona mtu akicheza vile, hata Kadzo. Nilimtazama. Akasema asubuhi zile sisi tulipokuwa shuleni na kazini, alidhani tulijua yeye alikuwa akifanya nini. Na mimi nikatoka mikono mitupu, sina hata kamba. Sisi ukoo wetu tunangoja.

Nikamuuliza tena habari ya kiti. Alinionyesha kona ya mlango. Mtungi wa manjano, umepauka.

"Mama, maji si yamo ndani?" binti yake akamwambia. "Mfereji uko jikoni."

"Huo si mfereji, huo ni urembo," akasema. "Kuna mwingine nje, getini. Teka kwanza, ndipo nikujibu."

Basi nikatoka. Kwenye mfereji wa getini palikuwa na foleni ndogo, wasichana wa kazi na bawabu, wakalitazama shati langu, wakautazama mtungi, wakasogea kunipa nafasi. Nikakataa, nikajipanga nyuma. Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Nilimsikia akimuuliza binti yake vile viatu vyake vyeusi viko wapi, na kama vitaingia miguu hii, na kama huko mbele wanaoketi huwa wanapata kivuli.

Foleni haikuwa inasogea. Nikaugeuza mtungi chini juu, nikaukalia. Sikuwa na dagaa jikoni.